Nani Atasema na Watoto Wetu?

Zamani, katika mwambao wetu na katika mikoa ya kusini, binti aliyevunja ungo hakuachwa akisie mambo. Alikuwa na somo wake, naye alifundwa na makungwi. Na mvulana aliingia jandoni pamoja na wenziwe. Hatusemi kwamba yote yaliyofundishwa humo yalikuwa mema. Mengine yalikuwa ya kumtayarisha mtoto wa miaka kumi na mitatu aolewe, na hayo hatuyataki yarudi. Lakini hapakuwa na aliyeweza kusema hakuambiwa.

Leo wengi wetu twaishi mijini. Bibi yuko kijijini, somo hayupo, baba yuko kazini hata magharibi. Mzazi adhani mwalimu amekwisha sema. Mwalimu naye aipita mbio ile sura ya kitabu cha biolojia huku darasa likicheka. Basi mtoto huuliza wenzake, wasiojua kumzidi yeye, nao humwambia kwamba mara ya kwanza msichana hashiki mimba. Ni uongo, na ni uongo unaowagharimu wengi.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikwisha kushika mimba. Ule wa miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha 27. Hatua imepigwa, nasi twaikiri kwa furaha. Lakini hao 22 ni watoto wetu.

Na wasomaji wafahamu hatari yenyewe. Kifafa cha mimba huwashika zaidi wenye mimba ya kwanza, hasa walio wadogo. Dalili yake ya mapema ni shinikizo la damu kupanda, nalo hugunduliwa kliniki kwa kipimo cha dakika chache tu. Sasa binti anayejifunga kanga tumboni ili mimba isionekane, atapimwa lini? Vile vile nyonga isiyokomaa huweza kumzuia mtoto kutoka. Na uchungu ukikaa siku mbili au tatu bila msaada, mama huweza kupata fistula, mkojo ukawa wamtoka bila kujizuia. Aibu tunayoiogopa sisi wazazi humfikia yeye kwa njia hiyo.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na ampaye mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Mwezi wa Novemba 2021 ikatangazwa kwamba wasichana waliokatizwa masomo kwa mimba warudi shuleni baada ya kujifungua. Uamuzi huo ulichelewa mno, kwani kwa miaka mingi msichana alifukuzwa na kijana mwenziwe akaendelea kukaa dawatini. Hata hivyo twauunga mkono kwa moyo wote. Lakini jela na ruhusa ya kurudi huja baada ya madhara. Kinachokuja kabla ya madhara ni maneno yetu, na hayo twayabana midomoni. Ajabu ni kwamba mahari twayajadili mchana kweupe, ila hedhi hata mama na bintiye huizungumza kwa kunong’ona.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na wafanyakazi, kila mmoja nyumbani kwake, waanze. Baba aseme na mwanawe wa kiume pia, maana mimba haiji kwa msichana peke yake.

Na wauguzi wetu twawaomba jambo moja. Katika zahanati nyingi kijana hupita mlango ule ule, saa zile zile, na mama yake na jirani zake. Akionekana, habari hufika nyumbani kabla yake. Itengwe saa moja ya jioni, au asubuhi ya Jumamosi, kwa ajili ya vijana. Na binti akija kuuliza, aulizwe shida yake, asiulizwe ni mtoto wa nani.