Unagawa kitabu bure? Usimtoze msomaji hata mia

Una mkusanyiko wa hadithi fupi mno, zile unazomaliza moja kabla daladala haijafika kituo kinachofuata, na unataka kugawa nakala tano ili kitabu kijulikane. Poa. Uzuri wa hadithi hizi ni kwamba unaweza kuonjesha moja nzima. Itupie WhatsApp, waombe watu wakuandikie mstari mmoja kuihusu, kisha chagua watano. Ukiwa Chang'ombe, wanachuo wa DUCE wako jirani, kitabu unakipeleka kwa mguu.

Ila ukisema "tuma elfu moja uingie kwenye droo", hapo umeanzisha bahati nasibu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inataka leseni ya Bodi, na "nilikuwa natangaza kitabu tu" siyo leseni.