Dume la kuazima lina gharama zake

Mfugaji mdogo wa nguruwe wa Boko, Bunju, Chamazi au Toangoma mara nyingi ana majike wawili au watatu nyuma ya nyumba, na hana dume. Jike akiingia joto hupelekwa kwa jirani. Malipo ni fedha taslimu, au mtoto mmoja wa nguruwe baada ya uzazi.

Ukiupigia hesabu, utaratibu huu una maana. Dume hula kilo 2.5 hivi za chakula kwa siku, yaani zaidi ya kilo 900 kwa mwaka, na kwa majike wawili atafanya kazi siku chache tu. Pumba, mashudu na dagaa havitolewi bure.

Tatizo ni kile ambacho dume huyo anaweza kukitoa banda moja na kukipeleka jingine. Homa ya nguruwe, iliyokwishateketeza mabanda mengi Dar es Salaam, huua haraka na kila mtu huiona. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosi, hauna kishindo hicho. Kwa ng'ombe unazungumzwa sana. Kwa nguruwe husahaulika. Bakteria wake, Brucella suis, huenea kwa kupandana, na pia nguruwe wanapokula au kunusa mimba iliyotupwa na kondo la nyuma. Dume mwenye ugonjwa anaweza kuvimba korodani au kuchechemea, lakini pia anaweza kuonekana mzima kabisa na mwenye bidii ya kazi.

Mimba ikitoka mapema, mfugaji haoni kitu sakafuni. Anachoona ni jike kurudi kwenye joto siku 30 hadi 45 baada ya kupandishwa, wakati jike ambaye hakushika mimba hurudi baada ya siku 21 hivi. Kwa kilo 2 za chakula kwa siku, kilo 60 hadi 90 zimekwisha bila faida. Mimba ikitoka karibu na siku 114 za kuzaa, zimekwenda zaidi ya kilo 200, na watoto wa kuuza hawapo. Wengi hapo humlaumu jike, humchinja, kisha humpeleka mwenzake kwa dume yuleyule.

Si kila mimba inayotoka ni bruselosi, kwani joto kali na chakula chenye ukungu navyo huitoa. Jibu hupatikana kwa kupima damu, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana maabara Temeke. Ni vizuri kupima kundi zima, kwa sababu kipimo cha nguruwe mmoja peke yake huweza kupotosha. Hakuna chanjo ya kutegemewa kwa nguruwe, na dawa haziwaponyi kwa uhakika. Wenye ugonjwa huondolewa.

Binadamu naye huambukizwa. Anayezalisha nguruwe au kuokota mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu anaweza kupata homa za kujirudia na maumivu ya viungo, akatibiwa malaria wiki hata wiki. Mimba hiyo ichomwe au izikwe kwa kina, mbali na mbwa.

Kwa maoni yangu, kumwambia mwenye majike wawili anunue dume wake ni kumtania. Majirani watano wenye majike kumi kwa jumla wanaweza kumlisha dume mmoja, akapimwa pamoja na majike hao kabla ya kuanza kazi, na asipokee jike wa nje hata kwa fedha nzuri. Sharti hili la mwisho ndilo huvunjwa kwanza, hasa kuelekea Krismasi. Daftari la tarehe za kupandisha nalo liwepo: bila tarehe, siku 21 na siku 40 hazitofautishwi.