Mcheza Kwao Hutunzwa: Na Winga wa Ugenini Je?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Maneno haya yalizaliwa ngomani, ambako mchezaji hodari hutunzwa fedha na jamaa zake huku vigelegele vikirindima. Siku hizi yamehamia katika uwanja wa kabumbu, na huko yamekutana na swali ambalo wahenga hawakutuachia jibu lake. Yule anayecheza kwa watu, tena kwa mshahara, mbali na vigelegele vya mama yake, hutunzwa na nani?

Swali hili nililikuta Ukambani, katika safari yangu ya Kitui na Makueni. Huenda msomaji wa Pwani akashangaa: Ukambani na kabumbu wapi na wapi? Lakini ukifika Kitui jioni utawaona vijana karibu na uwanja wa Ithookwe, ule ulioandaliwa sherehe za Mashujaa mwaka 2025, wakisukuma gozi vumbini. Kila mmoja amejibandika jina la Kibrazili. Huyu ni Vinícius, yule ni Neymar, na aliye mwembamba kuliko wote ni Raphinha. Hakuna anayetaka kuwa beki. Wote wanataka kuwa mawinga.

Nami siwalaumu. Winga ndiye mshairi wa uwanjani. Kazi yake ni kukaa pembeni penye mstari wa chokaa, apewe mpira, amkabili beki ana kwa ana, amwonyeshe anakwenda huku kumbe anakwenda kule. Wabrazili walimtukuza Garrincha, aliyezaliwa mwaka 1933 na miguu iliyopinda, kwa sababu mabeki waliijua chenga yake na bado iliwapita. Na Wakamba wanaelewa jambo hilo kuliko wengi wetu, kwani ngoma zao ndizo mashuhuri nchini kwa kuruka: mchezaji hujirusha hewani, akapinduka, akatua kwa miguu yake kana kwamba ardhi ilikuwa ikimngoja. Mwili uliolelewa na ngoma ya namna hiyo haufunzwi chenga kwa shida.

Kadhalika safari si jambo geni kwao. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa masafa katika nchi hizi, wakiteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa. Mkubwa wao aliyejulikana sana ni Kivoi wa Kitui. Ni kwake alikofikia mmisionari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka huko alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1851, Kivoi aliuawa safarini karibu na Mto Tana. Basi watu hawa wanajua tangu zamani kwamba safari huleta mali, na kwamba safari hiyo hiyo huweza kummeza msafiri.

Ndiyo maana mzee mmoja niliyekaa naye sokoni Kalundu, mjini Kitui, hakuniuliza habari za magoli. Mwanawe wa miaka 17 ni winga wa kulia, na mtu aliyejiita wakala alikuwa ametaka fedha ili ampeleke kijana kufanya majaribio ng'ambo. Fedha zenyewe zingetoka kwa mafahali wawili. Akaniuliza, "Shehe, nyinyi wa Pwani watu wenu wamekwenda Uarabuni miaka mingi. Huyu nimwache aende?"

Nilimjibu kwa kisa cha winga mmoja wa Afrika Mashariki, nacho ndicho ninachokuletea, msomaji.

Simon Msuva, Mtanzania, alizaliwa mwaka 1993. Alijiunga na Yanga mwaka 2012 akitokea Moro United, akashika upande wa kulia. Mwaka 2014 Yanga ilimleta kocha Mbrazili, Márcio Máximo, aliyekwisha kuifundisha timu ya taifa ya Tanzania kuanzia 2006 hadi 2010, na wakaja wachezaji wa Kibrazili pia, Coutinho na Jaja. Mji ulijaa maneno. Wengi walidhani sasa tutaona mpira wenyewe. Lakini Máximo aliondoka kabla ya mwaka huo kwisha, na msimu ule wa 2014/15 ulipomalizika aliyeongoza kwa mabao katika ligi alikuwa kijana wa nyumbani, Msuva, kwa mabao 17. Yanga ikatwaa ubingwa. Hapo mcheza kwao alitunzwa sawasawa.

Mwaka 2017 akavuka kwenda Morocco kuichezea Difaa ya El Jadida. Mji huo una historia inayotugusa. Wareno wale wale waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593 walijenga ngome huko El Jadida katika karne hiyo hiyo, wakaiita Mazagan. Walipolazimika kuihama mwaka 1769, wakazi wake walipelekwa Brazil, wakaanzishiwa mji mpya wenye jina lile lile katika nchi ya Amazon. Kwa hiyo winga wetu alikwenda kutafuta riziki katika mji ambao watu wake wa zamani waliishia katika nchi ya mawinga. Bahari hizi zimewachanganya watu kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka.

Jina lake lilikua huko. Tarehe 24 Machi 2019 alifunga bao la kwanza Tanzania ilipoishinda Uganda 3-0 na kurudi katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Fainali zilichezwa Misri, na tarehe 27 Juni Tanzania ikakutana na Kenya mjini Cairo. Usiku huo nilikuwa Emali, katika Makueni, pale njia ya Loitokitok inapokutana na barabara ya Mombasa. Mkahawa ulijaa madereva wa malori wa nchi zote mbili. Mpira ulianza saa tano usiku, na katika dakika ya 6 Msuva akatia bao. Watanzania wakapanda juu ya viti. Kenya ilirudisha, ikafungwa tena, ikarudisha tena, na mwisho ikashinda 3-2, ikawa zamu ya viti vya upande wa pili. Nakumbuka dereva mmoja wa Kitanzania akisema kwa uchungu, "Basi, lakini winga ni wetu." Watu hawakumtunza Msuva usiku ule, lakini walimdai kuwa mali yao, nako ni kutunzwa kwa namna yake.

Mwaka 2020 alipanda ngazi, akaingia Wydad ya Casablanca, mojawapo ya klabu kubwa za bara hili. Msimu wa 2020/21 Wydad ikatwaa ubingwa wa Morocco. Kwa mtazamaji wa mbali mambo yalikuwa yamekamilika. Kumbe ndani ya nyumba palikuwa na shauri la fedha. Mwishoni mwa 2021 Msuva aliondoka akidai hakulipwa haki zake, akarudi nyumbani. Mcheza mpira asiye na klabu ni kama jahazi lililopandishwa mchangani: linaonekana zima, lakini kila siku mbao zake zinakauka. Wakati akingoja, tarehe 30 Mei 2022, wenzake aliowaacha waliifunga Al Ahly 2-0 na kuwa mabingwa wa Afrika. Fikiria, msomaji, uchungu wa kuitazama karamu hiyo kwa mbali.

Lakini Msuva alikuwa na kitu ambacho Kivoi hakuwa nacho njiani: karatasi. Alilipeleka shauri lake FIFA, na mwaka 2022 uamuzi ukatoka kwa upande wake. Mwaka huo huo akapata klabu Saudi Arabia, Al-Qadsiah. Mwaka 2023 alikuwa Algeria na JS Kabylie, kisha akarejea Saudi Arabia, na mwaka 2024 akaingia Baghdad kuichezea Al-Talaba. Kati ya safari hizo, tarehe 21 Januari 2024, aliifungia Tanzania dhidi ya Zambia katika fainali zilizochezwa Ivory Coast, mchezo ulioishia 1-1.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliokaa chuoni tukiwa wadogo tunajua pia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Wala haikushushwa kwa ajili ya wanaoshukiana tu. Imewahusu waaminianao.

Hapo ndipo nilipomgeukia mzee wa Kalundu. Kwanza, nilimwambia, sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache maalumu. Kijana wa miaka 17 anayeahidiwa klabu ya ng'ambo mwezi ujao ni wa kutiliwa shaka. Pili, tangu 2023 FIFA inawataka mawakala wafanye mtihani na kupewa leseni, hivyo mtu aonyeshe leseni yake kabla hajaonyeshwa fahali. Tatu, wakala halali hula katika mkataba uliokwisha kutiwa saini; hali katika zizi la baba mtu. Na nne, kanuni zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuidai klabu kwa maandishi, na baada ya siku 15 bila malipo anaweza kuvunja mkataba kwa haki. Haya si maneno ya kuwatisha watu wasisafiri. Ni masurufu ya njiani.

Mzee akacheka, akasema mafahali watabaki na kijana atamaliza shule kwanza. Sina hakika mwanawe alifurahi.

Limebaki swali la kutunzwa. Yuko winga mwingine, Mbrazili Julinho, ambaye habari zake zinafaa kusimuliwa. Alikwenda Italia mwaka 1955 kuichezea Fiorentina, na msimu wake wa kwanza ikatwaa ubingwa wa nchi hiyo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kombe la Dunia la 1958 lilipokaribia, alikataa nafasi katika timu ya taifa, akisema ni haki ya wanaocheza nyumbani. Mwaka huo akarejea kwao. Tarehe 13 Mei 1959 Brazil ilicheza na Uingereza katika uwanja wa Maracanã, na kocha akampanga Julinho mahali pa Garrincha. Jina lake lilipotangazwa watu wakamzomea, uwanja mzima. Mpira ulipoanza hazikupita dakika nyingi akafunga, kisha akatengeneza bao la pili, na Brazil ikashinda 2-0. Wale wale waliomzomea wakasimama kumpigia makofi.

Aliyecheza ugenini, basi, hana budi kujithibitisha mara mbili: kule kwa wageni wanaomlipa, na huku kwa ndugu wanaodhani amewasahau. Hilo halimpati winga peke yake. Linawapata wachezaji wetu wa Mombasa waliovuka kwenda Oman tangu miaka ya 70, na linawapata mabinti wa Kitui na Makueni wanaokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, ambao hakuna kamera inayowafuata wala kanuni ya FIFA ya kuwalinda mshahara usipolipwa. Wao wanahitaji daftari kuliko winga yeyote.

Jamaa za msafiri nao wana kazi mbili. Siku ya kuondoka, wamsomee karatasi zake neno kwa neno kabla ya kumsomea dua. Siku ya kurudi, wamuulize hali yake kabla ya kumuuliza alicholeta. Akifanyiwa hayo, huyo naye ametunzwa.