Je, Wajua? Mwekezaji wa Bagamoyo na Kumbukumbu za Hisa Zake

Je, wajua kwamba Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 1996 na kufungua biashara mwaka 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, sasa linamwezesha mkazi wa Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa jiji hilo, kununua na kuuza hisa kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani?

Agizo, yaani maelekezo ya kununua au kuuza, huwa muamala pale tu linapokutana na agizo la upande wa pili kwa bei inayokubalika. Kwa hiyo agizo la hisa 1,000 laweza kutekelezwa kwa mafungu kadhaa, kila fungu likiwa na wakati wake na pengine bei yake. Ndiyo maana programu inayochota kumbukumbu za miamala ya karibuni kutoka kwenye akaunti huorodhesha jina la hisa, idadi, bei na wakati wa kila fungu, wala haiishii kwenye jumla.

Kila mwekezaji anapaswa kulinganisha orodha hiyo na taarifa ya dalali wake, kwa kuwa kosa linalogunduliwa mapema hurekebishwa kwa urahisi zaidi.