Ukiacha Dishi, Rekodi Ibaki Yako

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ruiru aliniita mwaka jana, wiki chache baada ya kuacha kulipia kifurushi cha dishi. Hakujutia uamuzi wake. Malipo ya kila mwezi yalikuwa yamemchosha, na kati ya chaneli zote alizolipia alikuwa akitazama tano tu. Kilichomuuma ni kingine. Ndani ya king'amuzi kile mlikuwa na saa nyingi za vipindi alivyovirekodi, kimojawapo kikiwa cha kwaya ya shule aliyofundisha. Malipo yalipokwisha, orodha ya rekodi ilibaki kwenye skrini, lakini hakuna hata moja iliyokubali kufunguka.

"Fundi," akaniuliza, "nimerekodi mwenyewe, kwa stima yangu. Inakuwaje si vyangu?"

Ving'amuzi vingi vya kulipia huhifadhi rekodi zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hutegemea kadi na akaunti ya mteja. Akaunti ikilala, rekodi nazo zinalala. Kuing'oa diski na kuichomeka kwenye kompyuta hakusaidii kitu. Tangu siku ile, mtu akitaka nimchagulie mtambo wa kurekodi, naanza na swali moja kabla ya bei na kabla ya ukubwa wa diski: ukimaliza kurekodi, utabaki na faili unaloweza kulibeba na kulifungua kwingine?

Mawimbi yaje kwanza, maana rekodi haiwezi kuwa bora kuliko kilichoingia. Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na leo chaneli za bure kama KBC, Citizen, NTV na KTN hurushwa kwa mfumo wa DVB-T2. Iangalie vizuri ile 2. Matangazo ya dijitali yalipozinduliwa Desemba 2009 yalianza kwa DVB-T ya kwanza, kisha nchi ikahamia T2, na waliokuwa wamewahi kununua wakabaki na visanduku visivyonasa chochote. Ukiuziwa king'amuzi cha mtumba, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa.

Kebo iliyokuwa ikishuka kutoka kwenye dishi usiitupe. Ile nene iitwayo RG6, ya omu 75, ndiyo inayofaa kwa antena pia. Kata ncha zilizoshika kutu, funga viunganishi vipya, basi. Dishi lenyewe halitakusaidia hapa. Unahitaji antena ya UHF iliyoelekezwa kwenye mtambo wa kurushia, na kwa wakazi wa Nairobi na viunga vyake mara nyingi huo ni upande wa Limuru. Antena nyingi za madukani zina kikuza mawimbi kinachotaka volti 5 kutoka kwenye king'amuzi, na volti hizo huwashwa ndani ya menyu. Nimeitwa mara nyingi kubadilisha antena "mbovu" ambayo ilikosa kubofywa kitufe kimoja tu.

Kwenye menyu hiyo hiyo utaona vipimo viwili, nguvu na ubora. Usihangaike na nguvu; tafuta ubora, na ugeuze antena polepole mpaka utulie. Mtu anayetazama moja kwa moja husamehe picha ikikwama sekunde mbili. Kwenye rekodi pengo hilo halizibiki tena, na baadhi ya ving'amuzi huikatiza rekodi nzima mawimbi yakipotea.

Sasa mtambo wenyewe. Kwa familia nyingi napendekeza king'amuzi cha kawaida cha chaneli za bure chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi. Unachomeka flashi, unabonyeza kitufe chekundu, na mwisho wake unapata faili, mara nyingi la aina ya TS, ambalo programu ya VLC hulifungua kwenye kompyuta bila shida. Kina mipaka, lakini mipaka yake inaeleweka. Katika DVB-T2 chaneli nyingi hupanda wimbi moja, kama abiria wa matatu moja, na king'amuzi cha namna hii hushika wimbi moja tu kwa wakati. Ukiwa unarekodi chaneli moja unaweza kutazama nyingine iwapo tu zimepanda matatu ile ile. Kenya ina wabebaji kadhaa, wakiwemo Signet ya KBC na ADN iliyoundwa na Royal Media, Nation na Standard. Ndiyo maana unaweza kukuta chaneli mbili zinakubaliana vizuri, ukihamia ya tatu king'amuzi kinakuuliza kama kisimamishe rekodi.

Wengine huniambia, runinga yangu mpya ina kitufe cha kurekodi, ya nini kununua kisanduku kingine? Tahadhari hapo. Runinga nyingi zenye uwezo huo hufunga rekodi kwa msimbo wa runinga ile ile, kwa hiyo unarudi palepale alipokwama Mwalimu. Bodi ikiungua, rekodi zimekwenda nayo. Tena kabla ya kuanza huomba kufomati diski, na ukikubali bila kusoma, picha za harusi zilizokuwa humo zinafutika.

Kwa mwenye subira na kupenda kompyuta ipo njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoitumia nyumbani: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye kipokeaji cha DVB-T2, ikiendesha programu ya bure ya Tvheadend. Uzuri wake ni kwamba inaweza kurekodi abiria wote wa matatu moja kwa pamoja, kisha simu au runinga yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba ikaonyesha rekodi hizo. Wapo wanaonunua HDHomeRun, kisanduku kinachofanya kazi kama hiyo. Lakini njia hii simshauri mtu ambaye hana wa kumpigia simu mambo yakikwama.

Sehemu inayoharibu rekodi nyingi kuliko zote ni flashi. Fainali ya CHAN ilipochezwa Kasarani tarehe 30 Agosti 2025, jirani yangu alikuwa safarini na akawaachia watoto kazi ya kurekodi. Walibonyeza dakika kumi kabla ya mchezo kuanza. Aliporudi alikuta rekodi imekatika kipindi cha pili kikiwa katikati, na bao la Oussama Lamlioui la dakika ya 80, lile la kutoka mbali lililoipa Morocco ushindi wa 3-2 dhidi ya Madagascar, halimo. Flashi ilikuwa na nafasi tele. Tatizo lilikuwa mfumo wake wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi GB 4. Hesabu ni rahisi: kila megabiti moja kwa sekunde hula kama GB 0.45 kwa saa. Chaneli ya HD inayorushwa kwa megabiti 6 hula GB 2.7 kwa saa, hivyo GB 4 huisha baada ya kama saa moja na nusu. Ving'amuzi vizuri hukata faili vipande na kuendelea. Vingine husimama kimya. Kama chako kinakubali NTFS au exFAT, fomati hivyo kabla ya siku ya mechi.

Ukitaka nafasi zaidi, diski ya nje yafaa, ila tundu la USB la king'amuzi mara nyingi hutoa miliampea 500 tu. Diski inayohitaji zaidi hutoa mlio wa tik-tik na kujizima. Tafuta inayotumia umeme kidogo au yenye adapta yake. Na flashi inayodai kubeba TB 1 kwa bei ya kushangaza, ijaze faili hadi mwisho kisha uzifungue zote. Ya uongo itaumbuka mapema.

Stima nayo ina lake. Ikikatika katikati ya rekodi, faili linaweza kubaki bila mwisho na lisifunguke. Ving'amuzi vingi vidogo hutumia adapta ya volti 12, kwa hiyo ile UPS ndogo inayouzwa kwa ajili ya ruta ya Wi-Fi inaweza kukibeba pia. Linganisha kwanza volti, ampea na ncha ya waya. Runinga iache izimike, rekodi haiihitaji.

Kisha weka saa. Ving'amuzi vingi huja vikiwa kwenye GMT; ongeza tatu. Taarifa ya saa moja jioni ni 19:00, ya saa tatu usiku ni 21:00. Mwalimu mara ya kwanza aliandika 01:00, akaamka na kipindi cha usiku wa manane. Anza dakika tano kabla, umalize dakika ishirini baada ya muda uliotangazwa, kwa sababu vipindi vyetu huchelewa.

Usiondoke dukani na boksi ambalo halijafunguliwa. Beba flashi yako, mwombe muuzaji aunge antena, rekodi dakika mbili za chochote kilichopo, kisha ichomeke flashi kwenye kompyuta. Mwalimu alijaribu ving'amuzi vitatu namna hiyo kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, nikiwa naye. Cha kwanza kilitoa sauti bila picha. Faili la cha pili halikufunguka popote. La cha tatu lilifunguka mara moja. Ndicho kilicho sebuleni kwake leo, na flashi yake ya kwanza tayari iko Eldoret kwa mjukuu wake.