Je, Wajua? Wageni wa Usiku Ngulia

Mwezi Novemba, mvua za vuli zikinyesha kwetu na majani yakipukutika Ulaya, ndege wahamao hupita usiku juu ya Tsavo Magharibi, Kenya. Ukungu ukitanda vilima vya Ngulia, taa za hoteli huwavuta chini kwa wingi. Tangu 1969 wataalamu huwanasa hapo kwa nyavu laini, huwavisha mguuni pete nyepesi yenye namba, kisha huwaachia. Yumo Acrocephalus palustris, kindege cha kahawia cha gramu kumi na kitu, kusema kweli hana sura ya kutazamwa. Lakini msikilize! Akirudi Ulaya kuzaliana, dume huimba akiiga ndege wengine, wastani wa spishi 76, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika.