Ekari 12, 40 au 100: ng'ombe ni wale wale wachache

Shemeji yangu alikulia machungani Shinyanga, na ndiyo sababu nilimwomba tufuatane. Dalali akianza kueleza uzuri wa mandhari, yeye keshachuchumaa. Anang'oa nyasi na mizizi yake, anasugua udongo viganjani, kisha anatafuta kinyesi cha ng'ombe na kukipasua kwa kijiti. Kinyesi kikavu kilichopandana tabaka juu ya tabaka, aliniambia, kimetoka kwa mnyama anayeshiba majani yasiyo na nguvu. Kilicholainika na kutandaa kinaonyesha malisho yenye kitu ndani yake. Katika safari zetu za kutafuta shamba Texas, kijiti kile kilitusaidia kuliko picha zote za matangazo.

Bajeti yetu ilikuwa dola 260,000, na tulitaka vitu vitatu mahali pamoja: pa kujenga nyumba, malisho ya ng'ombe wachache, na pori la kuwinda kulungu msimu ukifika. Watu wetu wengi wa Dallas, Fort Worth na Houston wana ndoto hiyo hiyo, na karibu wote huanza kwa kuuliza ekari ni bei gani. Hata mimi nilianza hivyo. Baada ya kukanyaga mashamba matatu naliona swali hilo kuwa la mwisho kwa umuhimu.

Shamba la kwanza lilikuwa ekari 12 katika kaunti ya Hunt, mwendo wa saa moja mashariki mwa Dallas, kwa dola 20,000 ekari. La pili ekari 40 kaunti ya Anderson, karibu na mji wa Palestine, saa mbili kutoka Dallas, dola 6,500 ekari. La tatu ekari 100 kaunti ya Edwards, nyanda za mawe za kusini-magharibi, saa sita barabarani, dola 2,600 ekari. Jumla zake ni dola 240,000, 260,000 na 260,000. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikadiria wastani wa ardhi ya malisho nchi nzima kuwa dola 1,830 kwa ekari mwaka 2024, kwa hiyo hata lile la mawe lilikuwa juu ya wastani. Kipande kinavyozidi kuwa kidogo na kusogelea jiji, bei ya ekari hupanda, maana hapo unalipia ukaribu wa kazini.

Sasa ingiza ng'ombe. Edwards ni nchi kavu yenye mawe na vichaka vya mireteni. Ng'ombe mmoja na ndama wake wanahitaji ekari 20 hadi 25. Ekari 100 zinabeba wanne. Anderson kuna mvua, na nyasi za bermuda hustawi, lakini nusu ya shamba lile ilikuwa miti. Zile ekari 20 zilizo wazi, kwa kadirio la ekari nne au tano kwa ng'ombe, zinabeba wanne pia, watano ukijitahidi. Hunt, ukiondoa ekari mbili za nyumba na uwanja, unabaki na nafasi ya wawili, au watatu mwaka wa neema. Ukubwa unatofautiana mara nane, na kundi lote linahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Shemeji alinyamaza kidogo aliposikia hesabu hiyo. Kwao mtu mwenye ng'ombe wanne anahesabiwa anaanza maisha. Na ng'ombe wa kuanzia si rahisi: Januari 2025 Marekani ilihesabu ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kabisa tangu 1951, na mwaka huo ng'ombe mwenye mimba alivuka dola 3,000 mnadani. Wanne hawawezi kulipa mkopo wa shamba, na anayekuambia watalipa anataka saini yako. Kazi yao kubwa ni nyingine, nayo ni kodi.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, hivyo kaunti na shule zinaegemea kodi ya ardhi na majengo. Shamba la thamani ya dola 260,000 lisilo na unafuu wowote linaweza kudaiwa dola 4,000 na zaidi kila mwaka. Likiwa chini ya tathmini ya kilimo, linatozwa kwa kile ambacho nyasi zake zinaweza kuzalisha badala ya bei ya sokoni, na kodi ya malisho yale ya Anderson hushuka hadi dola mia moja na ushei. Sharti ni ardhi iwe imetumika kwa kilimo miaka mitano kati ya saba iliyotangulia, na kila kaunti ina kiwango chake cha ukubwa na idadi ya mifugo. Kwa hiyo usiulize tu kama shamba lina unafuu leo. Uliza lini ulianza, ni ng'ombe wa nani wanaoutunza, na wataondoka lini. Mara nyingi ni ng'ombe wa jirani aliyekodi malisho, na siku ya mauzo anawabeba wote kwenye trela.

Ukibadilisha matumizi ya ardhi, kaunti inakudai tofauti ya kodi ya miaka mitatu iliyopita. Nyumba yako na kipande ilipokaa hutoka kwenye unafuu huo, na deni la kipande hicho litakufikia. Si kubwa kwa ekari moja, ila lijue kabla ya kuchora ramani. Kwa ekari 12 za Hunt hatari ni nyingine: ukishatoa nyumba, unakaribia kiwango cha chini cha kaunti nyingi. Hapo sheria inaruhusu ufugaji wa nyuki uhesabiwe kuwa kilimo, kwa ardhi ya ekari 5 hadi 20, na nawaheshimu wanaoifanya kazi hiyo kwa moyo. Mwenye mapenzi na wanyama pori ana njia yake pia: ardhi iliyokwisha kuwa na unafuu wa kilimo inaweza kuhamia kwenye utunzaji wa wanyama pori, ukitekeleza angalau shughuli tatu kati ya saba zilizotajwa, kama kuwapa maji, kuwaongezea chakula na kuwahesabu.

Nyumba ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu kuliko yote. Kule Hunt shemeji aliinua bonge la udongo mweusi uliokuwa umeng'ang'ania kiatu chake, akacheka kwa furaha ya kukutana na kitu anachokijua. "Hii ni mbuga," alisema. "Kwetu udongo wa hivi tunaulimia mpunga. Nyumba tunaijenga kule juu kwenye mchanga." Alikuwa sahihi kabisa. Udongo ule hunywa maji ukavimba, ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza kiganja, na msingi wa kawaida hupasuka nao. Mafundi wa huko humwaga zege lenye nyaya za chuma zilizovutwa ndani, au hushindilia nguzo chini kabisa, na vyote vina bei. Maji taka nayo hayapenyi kwenye udongo huo, kwa hiyo unaishia kufunga mtambo wa kuyasafisha kwa hewa na kuyanyunyizia juu, wenye pampu na matunzo ya kila mwaka. Sheria ya jimbo inaweza kuiondolea nyumba moja iliyo kwenye ekari 10 au zaidi lazima ya kibali cha maji taka, lakini kaunti nyingine zina masharti makali zaidi, na hakuna sheria inayoufanya mfinyanzi upitishe maji.

Maji ya kunywa Hunt huja kwa bomba la ushirika wa maji wa vijijini. Unanunua uanachama na mita, kama mita zipo. Anderson iko juu ya mwamba wa maji wa Carrizo-Wilcox, na kisima huko ni jambo la kawaida. Edwards unachimba jiwe la chokaa kwenda chini sana, na unalipa kwa kila futi. Kumbuka ng'ombe mmoja wakati wa joto kali anaweza kunywa galoni 20 na zaidi kwa siku, na lambo lililojaa mwezi wa Mei linaweza kuwa tope lililokauka ifikapo Agosti. Umeme pia hupimwa kwa futi, kutoka nguzo ya mwisho hadi ukutani kwako. Kule Edwards nguzo ya mwisho hatukuiona kabisa.

Halafu uzio. Mafundi niliowauliza walitaja dola 3 hadi 4 kwa futi kwa seng'enge ya nyuzi tano, nguzo na kazi pamoja. Ekari 40 za mraba zina mzunguko wa futi 5,280, maili moja kamili, kwa hiyo ni dola 16,000 hadi 21,000. Ekari 10 za mraba zina mzunguko wa futi 2,640. Ardhi robo, uzio nusu. Mwenye kipande kidogo hulipa mara mbili kwa kila ekari, na shamba jembamba lililonyooka kama mkanda ni baya zaidi. Uzio wa zamani ukiwepo, utembee wote kwa miguu. Tingisha nguzo. Iliyooza chini itakuambia.

Kuwinda kunawavuta wengi, na kuna sababu: takriban asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi, hivyo asiye na shamba hukodi haki ya kuwinda au hukaa nje ya seng'enge. Lakini kumiliki ardhi si kumiliki kulungu. Leseni unahitaji hata kwako, na aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa awe na mafunzo ya uwindaji. Nguruwe mwitu tangu 2019 hawahitaji leseni kwenye ardhi binafsi, na kwa jinsi wanavyofukua malisho usiku mmoja, jirani atakushukuru. Risasi ikivuka mpaka wako bila ruhusa ya maandishi ya jirani ni kosa, na kwenye ekari 12 mpaka uko karibu mno kwa bunduki kubwa. Walio kwenye viza ya muda waongee na mwanasheria kwanza: sheria ya nchi huwakataza wengi wao kuwa na bunduki, na ruhusa ya wenye leseni ya kuwinda ina mipaka yake.

Kwenye makaratasi nina makovu. Miaka ya nyuma nililipia kipande kwa mkataba ambao hati hubaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho, na muuzaji alikuwa na mkopo wake juu ya ardhi hiyo hiyo. Alipoacha kulipa, malipo yangu ya miezi 14 yalizama naye. Ukikopeshwa na muuzaji, dai hati iandikwe jina lako siku ya kufunga mauzo, yeye abaki na dhamana juu yake. Shamba la Edwards lilitushinda kwa karatasi pia: njia ilipita ranchi ya mtu, na haki ya njia haikuandikwa popote, ilikuwa hisani tu. Na huko mashariki mwa Texas, tangu kisima cha Daisy Bradford nambari 3 kilipotoa mafuta kaunti ya Rusk mwaka 1930, haki za madini zimetengana na ardhi vizazi na vizazi. Mwenye madini ana haki ya kutumia uso wa ardhi kwa kiasi cha lazima ili kuyafikia.

Tulirudi Anderson siku mbili baada ya mvua kubwa. Ng'ambo ya kijito, kwenye ile tambarare ambayo dalali aliisifu kuwa kiwanja cha nyumba, seng'enge ilikuwa imenasa vijiti, nyasi na chupa ya plastiki, vyote usawa wa paja langu. Shemeji alipandisha mkono akaonyesha kilima cha mchanga chenye mialoni, mita mia mbili nyuma yetu. Tulitoa ofa ya dola 6,000 kwa ekari. Muuzaji akataka 6,200, tukakubali; madini akayabakiza, ila alisaini kwamba hatagusa uso wa ekari tano za kilimani. Zile dola 12,000 zilizobaki kwenye bajeti tumezitenga kwa ajili ya kisima.